Skana ya kinywani, alginati au silikoni: njia ipi ikupe modeli ya kidijitali ya kupangia meno?

Alaina moja, ile plastiki angavu ya kunyooshea meno, kwa kawaida husogeza jino robo milimita tu. Faili la modeli ya kidijitali likiwa na kosa la milimita 0.2 kwenye jino hilo, karibu hatua nzima imeshaliwa kabla mgonjwa hajaivaa: plastiki itabana pasipotakiwa, au itapwaya pale ilipotakiwa kushika. Lakini daktari anayetaka modeli ya kumbukumbu na ya kukadiria msongamano wa meno anaweza kuvumilia kosa la nusu milimita, na mpango wake wa tiba usibadilike.

Ndiyo maana kuulizana "njia ipi ni sahihi zaidi" hakufiki mbali. Kila njia ina mahali pake inapovuja usahihi, na mahali hapo panajulikana. Chagua ile ambayo uvujaji wake unaweza kuuziba kwa mikono, umeme na fedha ulivyo navyo.

Tunalinganisha njia tatu: kupiga skani moja kwa moja kinywani, kuchukua chapa (alama ya meno ndani ya trei) ya alginati, unga unaochanganywa na maji ukaganda kama jeli, kumimina plasta, kisha kuipiga skani modeli hiyo kwenye skana ya mezani, na kuchukua chapa ya silikoni, nyenzo inayoganda kama mpira, ambayo maabara huipiga skani yenyewe au plasta yake. Picha ya CT ya meno (eksirei ya pande tatu) tutaigusa kwa ufupi, maana wengi huitegemea kwa kazi isiyo yake.

Vigezo

Usahihi una sehemu mbili, na wauzaji wa vifaa hupenda kuzichanganya. Ya kwanza ni ukweli wa kipimo: je, namba uliyopata inakaribia ile halisi? Ya pili ni uthabiti: ukipima mara tano, je, unapata namba ileile? Skana inaweza kurudia kosa lilelile mara tano kwa uaminifu mkubwa. Hiyo ni thabiti, na bado si ya kweli.

Kigezo cha pili ni eneo. Jino moja moja karibu kila njia hulitoa vizuri. Kazi ngumu ni taya zima, kutoka gego la mwisho la kulia hadi la mwisho la kushoto, na upangaji wa meno hauna namna ya kulikwepa taya zima.

Cha tatu ni namna taya mbili zinavyoumana kwenye faili. Modeli mbili nzuri zilizounganishwa vibaya ni hatari kuliko modeli mbili za wastani, kwa sababu hakuna anayezitilia shaka.

Cha nne ni sehemu zilizojificha: katikati ya meno yaliyopandana, nyuma ya gego la mwisho, uvungu chini ya kiuno cha jino, na ukingo wa fizi. Cha tano ni mazingira, yaani joto, umeme, intaneti na ustadi wa msaidizi. Cha sita ni gharama na muda.

Jambo moja zaidi kabla ya njia zenyewe. Makosa madogo hujumlishwa. Chukua uwiano wa Bolton, ambao hulinganisha upana wa meno ya chini na ya juu: asilimia 91.3 kwa meno 12, na 77.2 kwa meno 6 ya mbele. Modeli ya taya la chini ikinenepesha kila jino kwa milimita 0.1, meno 12 yatakupa milimita 1.2 za uongo. Ukiwa mtu wa kuanza kuwaza kuchonga enamel (tabaka gumu la nje la jino) tofauti ikifika milimita 2, zaidi ya nusu ya safari umetembezwa na kosa. Kosa likiwa sawa juu na chini, uwiano hautikisiki sana. Balaa ni taya moja kuchukuliwa kwa njia moja na la pili kwa njia nyingine, au moja leo na jingine baada ya wiki mbili.

Na kwa njia zote: ondoa ugaga kwanza, na usimwache mgonjwa apanue kinywa hadi mwisho unapopima taya la chini. Mfupa wa taya hilo hupinda kidogo kuelekea ndani mtu anapopanua sana, magego yakakaribiana. Kupanua kwa wastani kunatosha.

Njia ya kwanza: skana ya kinywani

*Inavyofanya kazi na usahihi wake.* Kichwa cha skana huona eneo dogo, meno mawili au matatu kwa mara moja. Programu huchukua picha nyingi sana na kuishona kila moja kwenye iliyotangulia kwa kufuata maumbo yanayofanana. Mshono mmoja hukosea mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lakini makosa husafiri na kujumlishwa. Kwa meno matatu jirani matokeo ni mazuri sana. Kwa taya zima, kosa la makumi ya mikroni hadi kupita mikroni 100 si ajabu, na huonekana zaidi kwenye umbali wa gego hadi gego.

Mahali dhaifu pa mshono ni meno ya mbele ya chini. Ni membamba na yanafanana, na skana inapopita juu ya makali yake haina umbo la kutosha la kushikilia. Ikiteleza hapo, nusu nzima ya upande wa pili huzunguka kama mlango kwenye bawaba. Pengo refu la meno yaliyong'olewa hufanya hivyohivyo, kwa kuwa fizi laini yenye mate haina alama.

*Hatua zinazoongeza usahihi.* Fanya kalibresheni (kukisahihisha kifaa kipime sawasawa) kwa ratiba ya mtengenezaji, na tena kila kifaa kinapohamishwa kutoka chumba chenye kiyoyozi kwenda chenye joto. Washa skana mapema ili kichwa kipate moto. Kioo cha baridi kinywani hushika ukungu, na ukungu haukatai skani, huichafua tu. Zima taa ya kiti na usimkalishe mgonjwa akitazama dirisha lenye jua.

Kausha upande mmoja kwa sirinji ya hewa, weka pamba, vuta mate, kisha anza. Utaratibu unaofaa skana nyingi ni huu: anzia uso wa kutafunia wa gego la mwisho, pita hadi la mwisho la upande wa pili bila kusimama, rudi kwa upande wa ulimi, malizia kwa upande wa shavu. Ukifika meno ya mbele, inua na uinamishe kichwa cha skana kidogo kidogo ili kione uso wa mbele na wa nyuma kwa pamoja. Huo mtikiso mdogo ndio unaoupa mshono cha kushika. Kama mtengenezaji wako ametoa utaratibu tofauti, fuata wa kwake, kwa kuwa programu yake imetengenezwa kwa njia hiyo. Pata milimita 2 hadi 3 za fizi kupita ukingo, na nyuma ya gego la mwisho upaone kweli. Kaakaa lipige pale tu linapohitajika, kama kwa kifaa cha kupanua taya la juu au kwa skrubu ndogo za mfupa.

*Skani ya kuuma.* Hapa ndipo faili nyingi nzuri huharibikia. Mwambie mgonjwa ang'ate kama anavyong'ata anapomeza, asikaze. Hakikisha pamba zimetoka. Piga upande wa kulia, kisha wa kushoto, kila upande ukionesha meno matatu au manne ya juu na chini. Halafu linganisha na kinywa: weka karatasi ya rangi ya mikroni 40, uone mahali meno yanapogusana, kisha tazama ramani ya migusano kwenye skrini. Foili ya chuma ya mikroni 8 ikishikwa kinywani pande zote mbili huku skrini inaonesha upande wa kushoto uko wazi, rudia skani ya kuuma. Usibonyeze kile kitufe cha kurekebisha migusano ukafurahi. Mara nyingi hakijarekebisha chochote, kimesogeza taya zima ili rangi zipendeze.

*Panapoharibika.* Kufuta na kujaza mashimo mara nyingi kunapunguza usahihi, kwa hiyo futa eneo dogo tu, na ukiona upinde umevunjika katikati anza upya. Taji za chuma na breketi mpya (vibandiko vya kushikia waya kwenye meno) hung'aa zikatupa mwanga ovyo. Waya ukiwa bado umefungwa huficha enamel iliyo nyuma yake, basi utoe kwanza. Ulimi na shavu vikiingia kwenye picha huacha nyama zinazoelea, na programu ikizifuta huenda ikala na ukingo wa fizi. Kioo cha kichwa kikichubuka kwa kupitishwa otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) mara nyingi kupita idadi iliyoruhusiwa, usahihi hushuka polepole bila onyo lolote. Weka daftari la kuhesabu mizunguko.

*Kujipima.* Chukua modeli moja ya plasta ngumu. Pima kwa kalipa ya kidijitali (kifaa cha mkono cha kupimia umbali mdogo) umbali kati ya ncha mbili zinazotambulika za magego ya kwanza, kulia na kushoto. Ipige modeli hiyo skani mara tano, na kila mara upime umbali huo kwenye programu. Tofauti kati ya kubwa na ndogo kabisa ndiyo uthabiti wako, na tofauti ya wastani na kalipa ndiyo ukweli wako. Tunachukulia namba tano zikikaa ndani ya milimita 0.1 ni kazi nzuri. Zikitawanyika kupita 0.2, fanya kalibresheni, badilisha kichwa, au badilisha mkono ulioshika skana. Mkono ndio wa kwanza kushukiwa.

*Gharama na mazingira.* Kifaa ni kuanzia dola elfu chache hadi makumi ya elfu, na baadhi hudai ada ya programu kila mwaka. Swali la ada uliza kabla ya kuuliza bei. Kinahitaji kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, UPS (betri ya akiba) ya kuvumilia umeme ukikatika katikati ya taya, na bando la kupakia mafaili. Kwa upande wa kiti, mkono uliozoea humaliza taya zote mbili na kuuma kwa dakika chache.

*Inamfaa nani.* Kliniki yenye wagonjwa wa alaina kila wiki, watu wenye kichefuchefu kikali, meno yanayolegea ambayo nyenzo nzito ingeyasukuma, na anayetaka kulinganisha maendeleo kila baada ya miezi michache. Inamtesa mtoto mwenye kinywa kidogo ikiwa kichwa cha skana ni kikubwa.

Njia ya pili: alginati, plasta, kisha skana ya mezani

*Inavyofanya kazi na usahihi wake.* Skana nzuri ya mezani huona modeli nzima ikiwa imetulia, bila mate wala ulimi, na kosa lake kwa kawaida liko chini ya mikroni 20. Kwa hiyo skana si tatizo katika mnyororo huu. Tatizo ni viungo viwili vilivyotangulia. Alginati hupoteza maji ikasinyaa, au hunyonya maji ikavimba. Plasta nayo hupanuka inapoganda: ile ngumu ya aina ya 3 inaruhusiwa hadi asilimia 0.20, ya aina ya 4 hadi 0.15. Kwa taya lenye milimita 50 kati ya magego, asilimia 0.20 ni milimita 0.1. Kwa kumbukumbu na vipimo vya kawaida hilo halina neno. Kwa alaina, anza kuhesabu.

Faida yake inayosahaulika ni kwamba upinde mzima hupatikana kwa mkupuo mmoja. Hakuna mshono wa kuteleza. Ndiyo maana alginati iliyochukuliwa kwa uangalifu, ikamiminwa papo hapo, wakati mwingine hutoa upana wa taya wa kweli kuliko skani ya kinywani iliyopigwa kwa pupa.

*Hatua zinazoongeza usahihi.* Adui wa kwanza mwambao ni maji ya bomba. Maelekezo mengi ya pakiti yanadhani maji ya nyuzi 20 hadi 23 hivi. Maji ya Dar es Salaam au Mombasa mchana ni moto kuliko hapo, na alginati itaanza kuganda ukiwa bado unaijaza kwenye trei. Weka chupa ya maji kwenye friji, uchanganye na ya kawaida, upime kwa kipimajoto cha bei rahisi. Usiongeze maji ili kupata muda: mchanganyiko mwepesi hupasuka na hauna nguvu.

Tikisa kopo ili unga ulegee, acha vumbi litulie kabla ya kufungua, pima kwa kijiko na kikombe vya pakiti ileile. Changanya kwa nguvu dakika moja au chini yake kadiri ya aina, ukiusugua mchanganyiko kwenye ukuta wa bakuli hadi ulainike. Trei iwe na matundu au gundi yake, na iache nafasi ya angalau milimita 3 kutoka kwenye meno. Paka alginati kidogo kwa kidole kwenye uso wa kutafunia kabla ya kuingiza trei. Povu likikaa hapo hugeuka kidonge cha plasta, na kidonge hicho huinua modeli nzima wakati wa kuumanisha. Ikiganda, subiri dakika 2 zaidi, kisha toa kwa mkupuo mmoja wa haraka. Kuitikisatikisa ili itoke taratibu huivuta ikaharibika.

Suuza, nyunyizia dawa (jiki ya asilimia 3.5 ichanganywe sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, upate asilimia 0.5), iweke kwenye mfuko uliofungwa kwa dakika 10, suuza tena, kung'uta maji. Mimina mara moja. Alginati ya kawaida isipite dakika 15 hadi 30, hata ikiwa kwenye mfuko wenye unyevu. Zipo aina zinazotangazwa kuvumilia siku kadhaa. Hizo nazo ziwe kwenye mfuko uliofungwa, wala zisizamishwe majini.

Plasta ya aina ya 3 huchukua takriban mililita 30 za maji kwa gramu 100. Pima kwa mizani, kukadiria kwa macho hakufai hapa. Anza kumimina kutoka gego la mwisho upande mmoja, mtetemo ukisukuma plasta jino hadi jino. Toa modeli baada ya dakika 45 hadi 60. Ukiiacha hadi kesho, alginati iliyokauka hukwangua uso wa plasta ukawa kama chaki, na meno membamba ya mbele huvunjika.

*Kuumana.* Nta laini ya kung'ata hupinda kwa joto la njiani tu, hata ya bodaboda kutoka kliniki hadi maabara. Tumia silikoni ya kung'atia, uikate ibaki alama za ncha tu, ili modeli zikae hadi chini. Maabara ipige skani ya tatu modeli zikiwa zimeumanishwa, isiziunganishe kwa kukisia.

*Panapoharibika.* Uvungu wa jino na nafasi za meno yaliyopandana huchanika. Breketi hurarua chapa, basi zizibe kwa nta. Na modeli ikidondoka, ndiyo hivyo tena.

*Gharama na mazingira.* Nyenzo ni rahisi, haihitaji umeme kitini, na skana ya mezani inaweza kuwa ya maabara inayohudumia kliniki kumi. Muda wa mgonjwa ni mfupi, ila muda wa kazi nzima ni mrefu.

*Inamfaa nani.* Kliniki yenye wagonjwa wachache wa upangaji kwa mwezi, anayetengeneza vifaa vya kuvaa na kuvua, huduma za mikoani, na shule za udaktari wa meno zinazohitaji modeli za kushika mkononi.

Njia ya tatu: silikoni

*Inavyofanya kazi na usahihi wake.* Tunazungumzia silikoni ya adisheni. Hii karibu haibadiliki umbo ikishaganda, inaweza kusafirishwa na kusubiri siku kadhaa, na hunasa maelezo madogo ya ukingo wa fizi kuliko alginati. Dukani ipo nduguye wa bei nafuu, silikoni ya kondensesheni, ambayo hutoa alkoholi inapoganda na kuendelea kusinyaa alkoholi hiyo inapotoka. Kwa chapa inayopandishwa basi kwenda maabara ya mji mwingine, tofauti ya hizo mbili ndiyo tofauti ya kazi na hasara. Soma kopo.

*Hatua zinazoongeza usahihi.* Usiikande kwa glavu za mpira wa latex, kwa sababu salfa yake huzuia silikoni ya adisheni kuganda na sehemu zitabaki za kunata. Tumia glavu za vinaili, na kama ulivaa latex kabla, nawa mikono kwanza. Nyenzo nzito huingia kwenye trei, nyepesi hupakwa juu ya meno. Joto la chumba hufupisha muda wa kazi wa hii pia, kwa hiyo ihifadhi mahali pa baridi lakini ikandwe ikiwa imerudi kwenye joto la kawaida. Heshimu muda wa kuganda kinywani ulioandikwa. Ukitoa mapema dakika moja, chapa itaonekana nzuri machoni na itakuwa imenyooka vibaya ndani. Trei iwe ngumu: ile ya plastiki nyembamba hufunguka ikibanwa na nyenzo nzito, halafu hujifunga ikitoka kinywani.

*Panapoharibika.* Nyuma ya gego la mwisho, pale mate hujikusanya na nyenzo ikavutika. Kwenye meno yaliyolegea, nyenzo nzito huyasukuma, na faili litaonesha mahali yaliposukumwa. Kwa mgonjwa mwenye breketi, usipoziziba kwa nta utatoa trei pamoja na breketi. Maabara nayo ina kikwazo chake. Skana ya mezani inayotumia mwanga haioni hadi chini ya shimo jembamba na refu la meno ya mbele ya chini, kwa hiyo makali ya meno hayo hukisiwa. Maabara yenye skana ya CT haina shida hiyo. Isiyo nayo ni bora imimine plasta, baada ya kusubiri muda uliotajwa na mtengenezaji, kwa kuwa baadhi ya aina hutoa gesi ya haidrojeni inayotoboa uso wa plasta. Uliza maabara yako inafanyaje.

*Kuumana.* Kama kwa alginati, silikoni ya kung'atia.

*Gharama na mazingira.* Nyenzo ni ghali mara kadhaa kuliko alginati, na chapa iliyoharibika hairekebishiki. Lakini hakuna kifaa cha kununua wala umeme wa kutegemea.

*Inamfaa nani.* Daktari wa alaina mwenye wagonjwa wachache, aliye mbali na maabara, ambaye kampuni yake bado inapokea chapa za silikoni. Hakikisha hilo kabla ya kuikanda.

Na picha ya CT?

CT ya meno hukata picha kwa vipande vya milimita 0.2 hadi 0.4 mara nyingi, na kijazo cha chuma hutapakaza mistari kwenye nyuso za kutafunia. Kama uso wa meno kwa alaina, haitoshi. Kazi yake ni mizizi, mfupa na chonge lililojificha ndani ya kaakaa. Pale inapohitajika kwa sababu hiyo, uso wa meno utoke kwenye mojawapo ya njia tatu hapo juu, kisha mafaili yaunganishwe. Usimwongezee mgonjwa mionzi ili tu kukwepa kuchukua chapa.

Faili lenyewe, kwa njia zote

Faili la STL, aina ya kawaida ya faili la umbo, halibebi kipimo. Namba 8.5 ndani yake inaweza kusomwa kama milimita au inchi. Lifungue kwenye programu ya pili, upime jino la mbele la katikati la juu: kwa mtu mzima liwe kati ya milimita 8 na 9 hivi. Ukihitaji rangi ya kuona ukingo wa fizi, tuma PLY, aina ya faili inayobeba rangi. Usichague kupunguza ukubwa wa faili ili lipite kwenye bando, maana kinachopunguzwa ni pembetatu za uso wa meno. Kata fizi ya ziada, usilainishe meno. Na mashimo yaliyojazwa na programu katikati ya meno yaliyopandana yaandikie maabara, wajue hapo ni makisio. Hakuna njia kati ya hizi tatu inayoona ndani ya mgusano uliobana.

Kwa hali yako

Ukiwa na wagonjwa wa alaina kila wiki na umeme unaotabirika, skana ya kinywani italipa, mradi utenge wiki kadhaa za kufanya mazoezi kwenye modeli kabla ya kinywa cha mgonjwa wa kwanza. Wagonjwa wa alaina wakiwa mmoja au wawili kwa mwezi, silikoni ya adisheni hugharimu kidogo kuliko mkopo wa skana inayokaa imefunikwa.

Kwa kumbukumbu, vifaa vya kuvaa na kuvua, na vipimo vya msongamano, alginati inayomiminwa papo hapo inatosha. Kama huna wa kumimina ndani ya nusu saa, iache.

Mgonjwa mwenye breketi: skani baada ya kutoa waya, au alginati yenye nta. Meno yaliyolegea kwa ugonjwa wa fizi: skana, au alginati laini, si silikoni nzito. Mtoto mchanga mwenye mdomo au kaakaa lililopasuka: nyenzo laini inaweza kuingia kwenye njia ya hewa, kwa hiyo skana yenye kichwa kidogo ikipatikana ni salama zaidi. Isipopatikana, chapa ichukuliwe hospitalini penye watu na vifaa vya kuokoa pumzi.

Pengo kubwa la magego pande zote mbili: skana ya kinywani itayumba, chapa yoyote iliyochukuliwa kwa mkupuo mmoja ina nafasi nzuri zaidi. Chonge lililojificha: CT pamoja na njia yoyote uliyoizoea.

Na kama tayari una skana lakini alaina zinarudi zikibana upande mmoja, usianze kwa kuibadilisha. Rudia jaribio la modeli na kalipa, kisha uichunguze skani ya kuuma.